Moyo Kwenda Mbio Baada ya Kula: Tazama Saa Kabla ya Kulaumu Chakula

Mtu akisema "nikila tu, moyo unaanza kwenda mbio", watu wa nyumbani hutaka kwanza kujua alikula nini. Mmoja atasema ni pilipili, mwingine atasema ni nazi, na shangazi ataapa kwamba hivyo ni vidonda vya tumbo. Daktari anayeijua kazi yake huuliza jambo lingine: ilikuwa dakika ngapi baada ya kula, na mapigo yalikuwa mangapi?

Maswali hayo mawili yanaonekana mepesi, lakini ndiyo yanayofungua fundo. Moyo ulioruka pigo tonge likiwa bado kooni na moyo ulioanza kudunda saa tatu baada ya vyombo kuoshwa ni mambo mawili ambayo huenda hayana uhusiano wowote. "Baada ya kula" ni wakati tu, bado si jina la ugonjwa. Chakula kwa kawaida hakitengenezi kasoro ya moyo. Kinachofanya ni kuufikisha mwili mahali ambapo kasoro iliyokuwepo, kubwa au ndogo, inajitokeza.

Kwa nini tumbo na moyo vinasikilizana

Moyo unajiendesha kwa umeme wake wenyewe. Ndani ya ukuta wa chumba cha juu cha kulia kuna kundi dogo la seli linalotoa cheche. Cheche hiyo husambaa katika vyumba vya juu, hucheleweshwa kidogo kwenye kituo cha katikati, kisha hushuka kwenye vyumba vya chini vinavyosukuma damu. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Mwanariadha anaweza kuwa na 50 na akawa mzima kabisa.

Kasi hiyo hurekebishwa na pande mbili za mfumo wa neva. Upande wa simpathetiki huharakisha. Neva ya vagasi, inayotoka chini ya ubongo, hupunguza kasi. Vagasi hiyo hiyo, baada ya kupita kifuani, inashuka hadi tumboni na kwenye utumbo na kuvisimamia wakati wa kusaga chakula. Kwa hiyo tumbo likijaa, likijazwa gesi au likishtuliwa na kinywaji baridi, habari husafiri kwenye njia ile ile inayotumiwa na moyo.

Halafu kuna ujirani wa viungo wenyewe. Umio, ule mrija wa kupitishia chakula, unashuka nyuma kabisa ya chumba cha juu cha kushoto cha moyo. Chini yao kuna kiwambo, ule msuli wa kupumulia, na chini ya kiwambo kuna tumbo. Ludwig Roemheld, daktari wa Kijerumani, alieleza mwaka 1912 namna tumbo lililojaa gesi linavyoweza kuleta dalili za moyo kwa mtu ambaye moyo wake hauna ugonjwa. Jina lake bado linatajwa katika vitabu vya tiba, ingawa leo madaktari hawapendi kulitumia kama jibu la kila kitu, na nadhani wana haki, kwa sababu ni rahisi mno kusema "ni gesi" na kufunga faili.

La mwisho ni damu. Utumbo unahitaji damu nyingi zaidi baada ya mlo, hivyo moyo hulazimika kusukuma zaidi. Mapigo yakipanda kidogo, hata kwa kumi na zaidi baada ya mlo mzito, huo ni mwili unaofanya kazi yake. Mtu mwenye upungufu wa damu, mjamzito, mwenye homa, au mwenye tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi huanza na mapigo yaliyo juu tayari, kwa hiyo nyongeza hiyo ndogo ataisikia kabla ya wenzake. Ndiyo maana kupima wingi wa damu na homoni za thairoidi ni hatua ya mapema kabisa, na ni vipimo visivyo na makuu.

Tonge likiwa bado kooni

Wapo ambao moyo wao huruka pale pale wanapomeza, hasa maji ya barafu au soda iliyotoka kwenye friji. Mara nyingi hayo ni mapigo ya ziada. Pigo moja linakuja kabla ya wakati wake, moyo ukiwa haujajaa damu, kwa hiyo ni dhaifu na halisikiki. Kisha moyo unapumzika kidogo kuliko kawaida. Pigo linalofuata linaukuta umejaa pomoni na linasukuma kwa kishindo. Mgonjwa husema "moyo umesimama, halafu ukagonga." Haukusimama. Watu wazima wenye afya njema wakivishwa kifaa cha kurekodi mapigo kwa saa 24, wengi huonekana na mapigo ya ziada ambayo wenyewe hata hawakuyahisi.

Ikiwa moyo wako umepimwa na kuonekana hauna kasoro ya umbo wala ya misuli, mapigo ya ziada machache hayahitaji dawa. Acha vinywaji vya baridi kali, kula polepole, usinywe soda kwa pupa. Lakini anayezimia au kuona giza anapomeza asiridhike na maneno haya. Kuna watu wachache ambao kumeza kunawasha vagasi kwa nguvu kiasi kwamba moyo unasita sekunde kadhaa, na baadhi yao hulazimika kuwekewa kile ambacho hospitali zetu hukiita betri ya moyo.

Nusu saa hadi saa mbili

Kipindi hiki ndicho chenye mambo mengi.

La kwanza ni AF, kasoro ya mapigo ambayo vyumba vya juu vya moyo vinaacha kujikaza kwa pamoja na kubaki vikitetemeka, huku vyumba vya chini vikipokea cheche bila mpangilio. Ukishika mshipa wa mkono, utahisi mapigo yasiyofuatana kwa utaratibu wowote: mawili ya haraka, moja lililochelewa, matatu dhaifu, kama ngoma ambayo kila mpigaji amekuja na mdundo wake. Mwishoni mwa miaka ya 1970, daktari Mfaransa Philippe Coumel alieleza aina ya AF inayokuja vagasi inapokuwa na nguvu: usiku, wakati wa kupumzika, na baada ya kula. Wagonjwa wake wengi walikuwa wanaume wa umri wa kati ambao mioyo yao haikuonyesha ugonjwa mwingine. Watu wa aina hii huwa salama wakikimbia, kisha AF inawashika wakiwa kwenye kochi baada ya chakula cha jioni. Daktari anahitaji kulijua hilo, kwa sababu baadhi ya dawa za kupunguza mapigo zinaweza zisiwafae.

AF si ya kupuuzwa hata kama inakuja na kuondoka yenyewe. Damu ikituama katika chumba kinachotetemeka inaweza kuganda, na donge hilo likienda kwenye ubongo ni kiharusi. Kwa jumla AF huongeza hatari ya kiharusi kwa takriban mara tano.

La pili linawahusu wazee: presha inayoshuka baada ya mlo. Damu imekimbilia kwenye utumbo, na mishipa ya mzee, au ya mtu mwenye kisukari cha muda mrefu au ugonjwa wa Parkinson, inashindwa kujibana haraka ili kuifidia. Namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya saa mbili za kula, madaktari huihesabu kuwa tatizo. Moyo unajaribu kuokoa hali kwa kwenda mbio. Babu anasema kichwa chepesi, anainuka aende msalani, anaanguka, na familia inasema ameteleza. Kipimo ni rahisi ikiwa kuna mashine ya presha nyumbani: pima kabla ya mlo, kisha kila nusu saa hadi saa mbili zipite. Kinachosaidia ni milo midogo, kupunguza wanga wa kusagika upesi kama mkate mweupe na wali mwingi, kunywa glasi moja na nusu ya maji kabla ya kula, na kutosimama ghafla. Mwenye moyo uliochoka au figo mbovu amwulize daktari wake kwanza kuhusu hayo maji. Dawa za presha nazo zinaweza kusogezwa ili zisifikie kilele saa ile ile ya chakula cha mchana, lakini mwenye kuzisogeza ni daktari aliyeziandika.

La tatu ni samaki. Jodari na vibua wasipowekwa kwenye barafu mapema baada ya kuvuliwa, bakteria huanza kugeuza kitu kilichomo ndani ya nyama yao kuwa histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio. Kupika hakuiondoi, na kukaanga vilevile. Mlaji huanza, kati ya dakika kumi na saa moja hivi, kuwashwa na joto usoni, kuwa mwekundu au kuhisi uso unaungua, kichwa kuuma, moyo kudunda kwa kasi, pengine na kuharisha. Wengine huhisi samaki ana ukali kama pilipili mdomoni. Mtu akishapatwa na hili huapa kwamba ana mzio wa samaki na halili tena maisha yake yote, kumbe kosa lilikuwa la barafu. Hata hivyo, midomo ikivimba au pumzi ikibana, usikae kuchambua sababu. Huo unaweza kuwa mzio wa kweli, na mzio wa namna hiyo unaua haraka.

Waliofanyiwa upasuaji wa tumbo wana hali yao: chakula huporomoka kwenye utumbo mwembamba haraka mno, na ndani ya dakika 10 hadi 30 wanatokwa jasho, tumbo linanyonga na moyo unakimbia. Kwao, kutenganisha chakula na vinywaji na kuepuka vitu vitamu huleta nafuu kubwa.

Saa mbili na kuendelea

Moyo ukianza kudunda saa mbili hadi nne baada ya kula, pamoja na kutetemeka mikono, jasho jembamba na njaa ya ajabu, fikiria sukari iliyoshuka. Kwa mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamaidi, jambo hili ni la dharura ya pale pale: pima, na ikiwa iko chini ya 3.9 mmol/L, kunywa maji yenye vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, subiri dakika 15, pima tena. Kama huna kipimo, kunywa tu. Moyo hapa haujafanya kosa. Unaitikia adrenalini ambayo mwili umeimwaga ili kuipandisha sukari.

Kwa asiye na kisukari hali hii ipo lakini ni nadra kuliko watu wanavyodhani, na haithibitishwi kwa kuhisi bali kwa kupima sukari dalili zikiwa zinaendelea.

Dawa za tumbo zinazogusa moyo

Hapa ningependa kukaa kidogo, kwa sababu ni sehemu inayosahaulika. Mtu anayehisi moyo baada ya kula huenda duka la dawa, anaeleza tumbo, anapewa dawa ya tumbo. Anaitumia mwaka mzima, pengine miaka.

Omeprazoli ni dawa nzuri kwa kazi yake, lakini ikitumiwa mfululizo kwa muda mrefu inaweza kushusha madini ya magnesi mwilini. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu hilo mwaka 2011. Magnesi ikipungua, umeme wa moyo unayumba. Domperidoni, ambayo hupewa wenye tumbo kujaa na kichefuchefu, inaweza kurefusha muda wa moyo kujichaji upya baada ya pigo, na hapo hutokea kasoro za hatari. Mwaka 2014 Shirika la Dawa la Ulaya liliagiza itumike kwa kipimo kidogo na kwa siku chache. Sisapridi, ndugu yao wa zamani aliyeuzwa sana kwa ajili ya kiungulia, iliondolewa kwenye soko la kawaida la Marekani mwaka 2000 baada ya kuhusishwa na vifo vya kasoro za mapigo.

Hatari huongezeka dawa hizi zinapochanganywa na nyingine zenye tabia hiyo hiyo, kama antibayotiki ya erithromaisini na baadhi ya dawa za kuvu. Kwa hiyo unapokwenda kuonana na daktari kuhusu mapigo, beba mfuko mzima wa dawa, pamoja na zile ulizonunua mwenyewe na zile za mitishamba. Usiache orodha kichwani.

Shangazi naye tusimtupe kabisa. Vidonda vya tumbo vinavyovuja damu polepole humfanya mtu apungukiwe damu, na moyo unaenda mbio kufidia. Dalili yake ni choo cheusi chenye kung'aa kama lami. Akikiona hicho, asisubiri kesho.

Linaloonekana kama tumbo na ni moyo

Mwaka 1768 daktari wa London, William Heberden, aliwaeleza madaktari wenzake maumivu ya kifua yanayowashika watu wanapotembea, hasa wanapopanda mlima na muda mfupi baada ya kula. Alichokieleza ni kile tunachokijua leo kama maumivu ya moyo unaokosa damu ya kutosha kwa sababu mishipa yake imeziba. Zaidi ya miaka 250 baadaye, wagonjwa wa namna hiyo bado wanapewa dawa ya kiungulia.

Mlo unauongezea moyo kazi. Ukila vizuri kisha ukatembea kwenda stendi, unauongezea kazi mara mbili. Kubanwa kifua, kubanwa taya, mkono wa kushoto kuwa mzito, au kukatika pumzi wakati huo, na vyote vikatulia ukisimama, hayo yanahitaji kipimo cha moyo, hasa kwa mvutaji sigara, mwenye presha, mwenye kisukari, au aliyevuka miaka 40. Kwa wanawake na wenye kisukari dalili zinaweza kuwa hafifu: uchovu, kichefuchefu, tumbo la juu kuuma. Na kiungulia kinachokuja na jasho la baridi si kiungulia mpaka ECG, kipimo cha umeme wa moyo, iseme hivyo.

Kumkamata mwizi na mali mkononi

Tabu ya magonjwa haya ni kwamba ukifika hospitali asubuhi, hujala, moyo umetulia, ECG ni safi. Unaambiwa huna kitu. Lakini ECG ya sekunde kumi inaeleza sekunde kumi hizo tu.

Jifunze kuhesabu mapigo. Weka vidole viwili, si dole gumba, upande wa dole gumba la mkono mwingine chini ya kiganja. Hesabu dakika nzima, wala usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, maana mapigo yasiyo na mpangilio yatakudanganya. Andika mambo matatu: mangapi, yanafuatana au yamevurugika, na yalianza na kuisha vipi. Mapigo 110 yaliyopanda taratibu na kushuka taratibu mara nyingi ni woga, joto, upungufu wa maji au mlo mkubwa. Mapigo 180 yaliyofyatuka ghafla na kukatika ghafla yanaashiria njia ya umeme ya ziada ndani ya moyo, inayozunguka yenyewe. Madaktari huiita SVT, na mwenye nayo anaweza kuwa kijana asiye na ugonjwa mwingine wowote. Yaliyovurugika kabisa huelekeza kwenye AF. Andika pia saa ya kula, ulichokula, na saa ya tukio. Wiki mbili za kumbukumbu kama hizo zina thamani kuliko kumbukumbu za miaka miwili za kichwani.

Mashine ya presha ya nyumbani huonyesha mapigo pia, na baadhi huwasha alama mapigo yasipofuatana. Zikubali kama fununu tu, kwa kuwa zenyewe huchanganyikiwa na AF. Saa za mkononi zinazorekodi ECG ni bora zaidi, mwenye uwezo nazo. Mwenye bahati ya kuwa karibu na zahanati yenye ECG anaweza kuomba jambo ambalo watu hawalifikirii: ale pale pale, akae, apimwe dalili zikianza.

Kipimo kinachofaa zaidi ni Holter, kifaa kidogo cha kuvaa kinachorekodi saa 24 au zaidi. Kimepewa jina la mvumbuzi wake, Mmarekani Norman Holter, ambaye mtambo wake wa kwanza ulibebwa mgongoni ukiwa na uzito wa zaidi ya kilo 30. Leo kinaingia kwenye mfuko wa shati. Siku ya kukivaa usijinyime. Wengi huvaa Holter kisha wanakula uji na tunda kwa adabu, kisha majibu yanatoka safi. Kula mlo ule ule unaokusumbua. Pamoja nacho huagizwa eko ya kutazama umbo la moyo, na vipimo vya potasiamu, magnesi, sukari, damu na thairoidi. Kwa Tanzania, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoko Muhimbili, Dar es Salaam, ndiyo mahali wengi hupelekwa kwa rufaa. Uganda wana taasisi yao ya moyo huko Mulago, Kampala.

Mezani

Ukubwa wa mlo una uzito kuliko aina yake. Mtu aliyezoea kutokula mchana na kushindilia sahani mbili usiku agawe chakula hicho mara nne, ale polepole, na akae wima saa mbili au tatu kabla ya kulala. Wengi husikia nafuu kwa hilo peke yake, kabla hata ya dawa. Wapo wanaosikia moyo zaidi wakilalia ubavu wa kushoto, kwa sababu moyo unakaribia ukuta wa kifua. Mtu wa namna hiyo ageuke.

Ramadhani hulionyesha jambo hili vizuri. Mwili umekauka tangu alfajiri, halafu ndani ya robo saa unapokea muhogo wa nazi, tambi, sambusa, juisi yenye barafu na kahawa. Desturi ya kufungua kwa tende na maji, kwenda kuswali Magharibi, ndipo kurudi kwenye chakula, inampa mwenye moyo wa namna hii nafasi anayoihitaji, na ni afadhali aifuate kwa dhati kuliko kuila futari yote kabla ya adhana kumalizika. Anayetumia dawa za moyo aonane na daktari kabla ya mwezi kuandama, apangiwe dozi za futari na daku.

Kahawa inalaumiwa kuliko inavyostahili. Utafiti wa San Francisco uliotolewa mwaka 2023, ambao watu 100 walipangiwa siku za kunywa kahawa na siku za kuacha, haukuona ongezeko la maana la mapigo ya ziada ya vyumba vya juu. Ya vyumba vya chini yaliongezeka, na usingizi ulipungua kama nusu saa. Kama kikombe cha kahawa chungu hakikusumbui, sioni sababu ya kukuondolea barazani. Kama kinakusumbua, jibu unalo tayari.

Pombe ni kesi nyingine. Mwaka 1978 madaktari wa Marekani walieleza kasoro za mapigo zilizowaleta watu hospitali baada ya ulevi wa wikiendi na sikukuu. Mwaka 2020 utafiti wa Australia uliwafuata wagonjwa 140 wa AF waliokuwa wanywaji: kati ya walioacha, AF iliwarudia asilimia 53, kati ya walioendelea, asilimia 73. Nyama choma haina hatia kubwa hapo kama chupa zilizo pembeni yake. Miraa nayo huchochea moyo moja kwa moja, na kuitafuna juu ya mlo mzito pamoja na kinywaji cha kuongeza nguvu ni kuutafutia moyo ugomvi.

Ndizi na maji ya dafu hupendekezwa kwa kila mwenye moyo unaoruka, kwa sababu vina potasiamu. Kwa aliyeharisha au anayetumia dawa za kukojoza, vinaweza kusaidia. Kwa mwenye figo zilizochoka, au anayetumia spironolaktoni, dawa ya kukojoza ambayo huibakiza potasiamu mwilini, potasiamu ikizidi inaweza kuusimamisha moyo. Pima kwanza.

Moyo ukianza kukimbia

Kaa au lala. Ukiwa na SVT iliyothibitishwa, mwombe mhudumu wa afya akufundishe njia iliyojaribiwa Uingereza na matokeo yake kutolewa mwaka 2015: mgonjwa ameketi nusu-wima, anapuliza kwa nguvu kwenye bomba la sindano la mililita 10, lisilo na sindano, kwa sekunde 15 akijaribu kuusogeza mchi wake, kisha analazwa chali haraka na miguu inainuliwa kwa sekunde 15. Mapigo yalirudi sawa kwa asilimia 43 ya waliofanya hivyo, dhidi ya 17 ya waliopuliza tu bila kulazwa. SVT isiyosikia inaweza kutibiwa moja kwa moja kwa kuchoma ile njia ya ziada kupitia mrija mwembamba unaoingizwa kwenye mshipa wa paja.

Usijaribu nyumbani ikiwa kuna maumivu ya kifua, kuzimia, pumzi kukatika, mdomo kwenda upande au mkono kulegea. Hapo ni hospitali, saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo mapigo yaliyozidi 150 ukiwa umetulia na hayashuki, au mtu ambaye ndugu yake alifariki ghafla akiwa kijana.

Limebaki kundi ambalo makala nyingi kutoka nje hulipita: vijana wetu wenye valvu, yaani milango ya moyo, zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, iliyoanza na koo la utotoni lisilotibiwa. Valvu ikishabana, chumba cha juu cha kushoto kinatanuka na AF inaingia hata kwa mtu wa miaka 25. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2022, ulioshirikisha nchi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulionyesha kwamba kwao warfarini, dawa ya zamani ya kuzuia damu kuganda, inafanya vizuri kuliko rivaroksabani ambayo ni mpya. Na warfarini inagombana na vitamini K iliyojaa kwenye mchicha, kisamvu na sukuma wiki. Wagonjwa wengi huambiwa waache mboga za majani kabisa, jambo lisilo la lazima. Kinachotakiwa ni kiasi kilekile wiki hadi wiki, ili dozi ipangwe kukizunguka. Aliyezoea bakuli la mchicha kila jioni aendelee nalo. Akienda kijijini mwezi mzima kwenye kisamvu cha kutwa mara mbili, au akibadilisha mlo kwa sababu ya mfungo, apime mapema INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda, badala ya kusubiri tarehe ya kliniki.